SPIKA ZA GARI: WATI 1000 ZA KWENYE BOKSI ZISIKUDANGANYE

Leo tuache siasa kidogo tuongelee spika za gari, maana watu wanapigwa hela mchana kweupe na mmoja wao ni mjomba wangu.

Mjomba anaendesha mchomoko, Probox, kati ya Ngara mjini na Benaco. Spika zilizokuja na gari toka Japani zilikuwa zimechoka, zinakwaruza tu. Akajibana wiki kadhaa, akaenda kununua (duka sitaji, na mji wenyewe sitaji) spika zenye boksi linalong'aa limeandikwa WATI 1000. Zikafungwa. Muziki ukatoka MDOGO kuliko wa mwanzo! Akarudi kwa fundi, fundi akamwambia mjomba hapa bila amplifaya hamna kitu. Ikafungwa na amplifaya, waya ukatolewa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi, ukapenyezwa kwenye tundu la bati linalotenganisha injini na ndani, bila hata kipande cha mpira. Wiki ya tatu, usiku, abiria wamejaa, moshi ukaanza kufuka chini ya dashibodi. Wote walishuka salama, Mungu mkubwa. Mjomba alichomoa waya wa betri kwa mikono mitupu, vidole viwili vikaungua.

Ile gari ndiyo shamba lake, ndiyo ada ya watoto. Toka siku hiyo nikaanza kufuatilia hii mambo. Nimekaa na mafundi, nimesoma, na milango ya gari mbili nimeifungua mwenyewe kwa bisibisi. Ninayoandika hapa ni yale niliyotamani mjomba angeyajua kabla ya kutoa hela.

KWA NINI SPIKA KUBWA ILITOA SAUTI NDOGO

Anza na redio, siyo spika. Redio nyingi za gari usoni zimeandikwa 50W x 4. Ukweli ni kwamba redio isiyo na amplifaya ya pembeni inakula umeme wa betri tu, na gari likiwa limewashwa huo umeme ni kama volti 14.4. Spika ya kawaida ya gari ina ukinzani wa omu 4. Chukua 14.4 zidisha kwa 14.4, gawanya kwa 8, unapata karibu wati 26. Hapo ndipo dari lilipo hata kama redio haipotezi chochote, na inapoteza. Kwa hiyo muziki msafi unaoupata kwa kila spika ni wati 15 mpaka 20 hivi. Hiyo 50 ni ya kupasuka mara moja, tena sauti ikiwa imeshaharibika.

Sasa wewe una wati 18 mkononi, unanunua spika ya wati 1000 ili iweje? Wati za spika hazisemi itapiga sauti kiasi gani. Zinasema itavumilia mzigo kiasi gani kabla ya kuungua. Tena kwenye boksi angalia herufi RMS, hizo ndizo wati za kazi ya kila siku. Ile namba kubwa ya rangi nyekundu ni mapambo. Spika ya inchi 6.5 yenye wati 1000 za kweli mimi sijaiona.

Kitu cha kuangalia ni wepesi wa spika kuitikia umeme, unaopimwa kwa desibeli ukiipa wati 1 ukiwa mita 1. Nyuma ya boksi utakuta 87, 90, 92 au 93. Hapa ndipo pa kutulia wadau. Kila desibeli 3 zikiongezeka, spika inahitaji NUSU ya umeme kutoa sauti ile ile. Spika ya 93 ikipewa wati 20 inalingana na ya 87 iliyopewa wati 80! Spika za mjomba zilikuwa na koni nzito, zimetengenezwa zisukumwe na amplifaya kubwa. Zile za zamani zilikuwa nyepesi, karatasi tupu na sumaku ndogo, ila zilikuwa zinaendana na redio yake. Kumbe Wajapani hawakuwa wajinga.

Angalizo dogo: wengine wanapima kwa volti 2.83 badala ya wati 1. Kwenye spika ya omu 4 hiyo ni wati 2, kwa hiyo toa 3 kwenye namba yao ndipo ulinganishe.

Na kama boksi halina RMS wala desibeli, limejaa picha ya moto na chui, rudisha kwenye shelfu. Kuhusu feki, Tume ya Ushindani ndiyo inashughulika na bidhaa bandia nchini, ila mpaka wafike kwenye kibanda cha Kabanga wewe umeshaliwa. Muuzaji mkweli atakuruhusu uiunganishe kwenye redio pale pale dukani uisikie.

MTUMBA JE?

Mimi siogopi spika za mtumba zilizotolewa kwenye gari za Kijapani. Pioneer wao kule kwao wanatumia jina Carrozzeria, kwa hiyo ukikutana nalo usidhani ni feki. Kagua vitu viwili. Kwanza ule mzunguko laini unaoshika koni pembeni: kama ni sponji, bonyeza taratibu kwa kidole, ikimomonyoka achana nayo. Pili sukuma koni katikati kwa vidole viwili pande zote sawasawa. Ukisikia kukwaruza ujue koili imeungua au imepinda.

Kwa mvua zetu za vuli na masika napendelea koni ya plastiki kuliko ya karatasi. Watu wengi hawajui kwamba maji ya mvua yanaingia ndani ya mlango kila siku, yanateremka na kioo na kutokea chini kwenye vitundu. Ile karatasi ya nailoni iliyobandikwa nyuma ya kava la mlango ndiyo inayazuia yasije kwa abiria. Fundi akiichana akaitupa, baada ya mwezi unakuta zulia limelowa unaanza kutafuta mchawi.

KUFUNGA NDIYO KAZI YENYEWE

Toyota nyingi milango ya mbele inapokea spika ya sentimita 16, yaani inchi 6.5. Ila spika ya kiwandani mara nyingi ni kipande kimoja na kishikio chake cha plastiki kirefu, wakati mwingine kimepigwa ribiti. Ribiti unazitoboa kwa drili, ukiwa umetandika kitambaa chini vumbi la chuma lisiingie kwenye sumaku. Spika mpya haina hicho kishikio, kwa hiyo unahitaji ringi ya kuziba pengo. Fundi seremala yeyote anakukatia ya plaiwudi ya milimita 12 au 18, unaipaka rangi ya mafuta isilowe.

Kabla ya kukata chochote, SHUSHA KIOO MPAKA CHINI upime kina. Sumaku ndefu itagongana na kioo, na utajua hilo ukiwa Rusumo mvua inanyesha kioo hakipandi.

Halafu ziba. Spika inasukuma hewa mbele na nyuma kwa pamoja, na hewa ya nyuma ikizunguka kuja mbele zinauana, besi inapotea. Weka mpira kati ya ringi na bati. Tyubu ya baiskeli iliyopasuliwa inatosha kabisa, nimejaribu. Matundu makubwa ya bati la mlango yafunike, ila yale vitundu vya chini vya kutolea maji usiyaguse, mlango utaoza. Vipande vya lami vyenye karatasi ya alumini juu, vile vya kuzibia mabati, vinapunguza mtetemo, japo kwenye jua kali vinanuka na vya bei poa vinabanduka. Kwa maoni yangu hela ya kuziba mlango inalipa kuliko hela ya kuongeza ukubwa wa spika.

KOSA MOJA NILILOLIKUTA GARI ZOTE MBILI

Zile gari mbili nilizofungua, zote zilikuwa na spika moja imeunganishwa kinyume. Chanya kwenye hasi. Haiungui, haitoi moshi, inapiga tu. Ila koni ya kushoto inatoka nje wakati ya kulia inaingia ndani, zinavutana, na besi yote inakufa. Mwenye gari anaona spika mbovu, ananunua nyingine, fundi yule yule anazifunga vile vile. Hapo ndipo hela za watu zinapoishia.

Dawa yake ni betri ya tochi ya volti 1.5. Gusa chanya ya betri kwenye chanya ya spika na hasi kwenye hasi, mara moja tu kisha achia. Koni ikitoka nje upo sawa. Ikiingia ndani umegeuza. Fanya kwa kila spika kabla hujarudisha kava.

Rangi za waya za Toyota nyingi za Kijapani, nyuma ya redio: mbele kushoto chanya ni ya waridi na hasi ya zambarau. Mbele kulia chanya ni kijani mpauko, hasi bluu. Nyuma kushoto chanya ni NYEUSI na hasi ni njano, na hapa ndipo mafundi wengi wanapojikwaa kwa sababu wanajua nyeusi ni hasi siku zote. Nyuma kulia chanya nyekundu, hasi nyeupe. Lakini gari zetu zimeshapitia mikono mingi, hakikisha na betri yako ya tochi.

Unganisha kwa soketi au kwa risasi halafu tepu. Kusokota kwa vidole hakudumu barabara ikiwa na matuta.

SPIKA HAIWEZI KUTIBU REDIO

Kuna wanaobadili spika kwa sababu redio inakoroma. FM ya Japani kwa miaka mingi ilikuwa kuanzia 76 mpaka 90, huku kwetu stesheni zinafika 108. Ndiyo maana wanafunga kile kiboksi kwenye waya wa antena kinachoshusha masafa. Kile kiboksi kikiwa kibovu au antena imekatika, hata ufunge spika za dhahabu Radio Kwizera utaisikia inakoroma vile vile, na hii ni redio iliyoanzia hapa hapa Ngara mwaka 1995. Jaribu kwanza kwa flashi au simu. Wimbo ukitoka safi, spika zako hazina kosa.

WADAU WA MALORI, HII NI YENU

Pale Benaco na Nyakahura malori ya kwenda Rwanda na Burundi yanalala, na tingo anataka muziki wa volti 12 kwenye gari ya volti 24. Wengi wanachukua umeme kwenye betri MOJA kati ya mbili. Inawaka, ndiyo, lakini betri moja inanyonywa kila usiku wakati altaneta inazichaji zote mbili kama ziko sawa. Yenye njaa haijai, yenye shibe inachajiwa kupita kiasi mpaka maji yanakauka. Baada ya muda mfupi betri zote mbili zimekufa. Nunua kigeuzi cha kushusha volti 24 kuwa 12. Kwa redio na spika za kawaida cha ampea 10 kinatosha, ni bei ndogo sana ukilinganisha na betri mbili za lori.

KAMA LAZIMA AMPLIFAYA

Sawa, wengine tunapenda besi. Amplifaya ndogo ya wati 50 za kweli kwa kila spika inabadilisha kila kitu. Ila fyuzi iwe karibu na betri, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye kichwa cha betri. Fyuzi inalinda WAYA. Ukiiweka mwisho kwenye amplifaya, ule waya wote wa katikati hauna mlinzi, na huko katikati ndiko kwa mjomba ulikochunika. Kila unapopita kwenye bati weka mpira, na unene wa waya ufuate ampea. Mfano amplifaya ya wati 400 za kweli ikipigwa mpaka mwisho inaweza kuvuta karibu ampea 60, wakati altaneta nyingi za gari ndogo zinatoa kati ya 60 na 100 kwa taa, feni na kila kitu. Taa zikicheza na besi usiku, gari linakwambia limechoka.

Masikio nayo. Desibeli 85 unavumilia saa 8 kwa siku, kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu, kwa hiyo 100 ni robo saa tu. Dereva wa mchomoko yuko humo toka alfajiri mpaka usiku, na honi ya lori nyuma yake kwenye miteremko ya Ngara anatakiwa aisikie. Na kelele ni kosa pia, kuna kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004.

Mjomba sasa amerudi kwenye redio yake ya kwanza, spika mbili za mtumba za desibeli 91 mlango wa mbele, ringi za plaiwudi na tyubu ya baiskeli, amplifaya hana. Abiria wanamuuliza kafunga nini. Zile za wati 1000 zipo chini ya kitanda, anasema hauzi kwa sababu hataki kumdanganya mtu mwingine.

Mafundi wa Kabanga, Rulenge na Nyakanazi, rangi za waya za Nissan ninazikusanya. Mwenye nazo alizozihakiki kwa betri aziweke hapo chini.