Ebitinge: Pete za chuma zilizokuwa cheti cha ndoa kwa Abagusii

KABLA ya serikali kuanza kutoa vyeti vya ndoa, mwanamke wa jamii ya Abagusii aliyeolewa kwa kufuata taratibu zote za mila alitambuliwa kwa kutazamwa miguu tu. Kwenye vifundo vya miguu yake alivaa pete za chuma ziitwazo ebitinge.

Pete hizo, ambazo moja huitwa egetinge, zilifuliwa na wahunzi. Hazikuwa pambo la kuvaliwa na yeyote aliyependa. Msichana ambaye hajaolewa hakuzivaa, hata kama baba yake alikuwa na ng’ombe wengi kiasi gani.

Bibi arusi alivishwa ebitinge wakati wa enyangi, sherehe kuu ya arusi iliyofanywa baada ya mahari kutolewa. Tangu siku hiyo hakuzivua hadi mumewe afariki, au yeye mwenyewe amwache na kwenda kwa mwanamume mwingine.

Kwa sababu hiyo, chuma hicho kilikuwa ushahidi ulioonekana na kila mtu. Kwa mume, kilithibitisha kwamba watoto ni wa ukoo wake. Kwa mke, kilithibitisha haki yake ya kupata shamba la kulima na haki ya wanawe kurithi ardhi hiyo.

Kaka za bibi arusi nao walihusika, kwani ng’ombe waliopokewa kwa dada ndio waliotumiwa kumwolea kaka yake. Ndoa ya dada ilipovunjika na mahari kudaiwa, nyumba ya kaka nayo ilitikisika.

Abagusii hawakuwa peke yao katika kutumia madini kueleza hadhi ya mtu. Majirani wao Wamaasai wana surutia, pambo la shaba lililozungushwa mithili ya konokono, ambalo huvaliwa na wanawake walioolewa. Huko Uholanzi, vifungo vya fedha na dhahabu vya mavazi ya jadi ya mkoa wa Zeeland vilimtambulisha mvaaji na mahali alikotoka.

Utawala wa Waingereza ulipoingia Gusii mwanzoni mwa karne ya 20, wamishenari walifuata. Wakatoliki walileta arusi ya kanisani na pete ya kidoleni, nao Waadventista wakafundisha waumini wao kujiepusha na mapambo ya mwilini. Enyangi yenyewe ilikuwa na gharama kubwa.

Watafiti Robert na Barbara LeVine, waliofanya kazi Gusii kati ya 1955 na 1957, walieleza jinsi sherehe hiyo ilivyokuwa ikiahirishwa. Kufikia miaka ya 1980, ndoa nyingi mpya zilianza kwa vijana kutoroka na kuishi pamoja bila mahari kutolewa kwanza.

Hapo ndipo pengo lilipotokea. Ebitinge zilitoweka miguuni, lakini wengi hawakupata cheti cha karatasi mahali pake. Mwanamke aweza kuishi kwa mumewe miaka mingi na kuzaa watoto, kisha akafiwa na kuambiwa na wakwe kwamba hakuwa mke. Naye akifariki kabla ya mahari kutolewa, jamaa zake huweza kuzuia mazishi hadi walipwe.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 ilijaribu kuziba pengo hilo. Inataka ndoa za kimila zisajiliwe, na inasema kwamba pale mila inapodai mahari, sehemu ndogo tu ya mahari hayo yatosha kuthibitisha ndoa. Usajili wa ndoa hizo ulianza Agosti 2017.

Kuishi pamoja pekee si kinga ya kutegemewa. Mnamo Januari 2023, Mahakama ya Juu iliamua kwamba dhana ya kuwapo kwa ndoa kutokana na watu kuishi pamoja itumike kwa nadra sana, na ikaweka masharti ya kutimizwa.

Hakuna anayetarajia wanawake wa Kisii na Nyamira warudie kuvaa chuma miguuni. Hata hivyo, swali ambalo ebitinge zilijibu bado lipo: ni nani ajuaye, na kwa ushahidi gani, kwamba huyu ni mke wa boma hili? Wazee walilijibu hadharani, mbele ya koo mbili. Wanandoa wa leo wanaweza kulijibu katika ofisi ya msajili wa ndoa, wote wawili wakiwa hai.