Pango Lililozaa Michezo

Huenda umepata kucheza mchezo wa kompyuta ambamo mchezaji huwa msafiri, akitafuta hazina na kufumbua mafumbo. Je, waijua asili yake?

Katika jimbo la Kentucky, Marekani, liko pango liitwalo Mammoth Cave, refu kuliko yote yajulikanayo duniani. Will Crowther, fundi wa kompyuta, alikuwa mmoja wa waliolipeleleza na kulipima. Alipoachana na mkewe, alitamani kuwafurahisha binti zake wawili. Basi, kati ya 1975 na 1976, alilieleza pango hilo ndani ya kompyuta kwa maneno matupu. Mchezaji aliandika amri fupi, mathalani kwenda kaskazini, nayo mashine ikamweleza alipofika.

Don Woods, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliuona mchezo huo, akamwomba Crowther maagizo yaliyouendesha. Crowther hakumnyima. Woods akaongeza hazina na mafumbo, na kuanzia 1977 mchezo ukaenea upesi. Wengine walioucheza wakatunga yao.

Baadaye michezo ya picha ilitwaa soko, na kampuni zikaiacha ile ya maneno. Hata hivyo haikufa. Mwaka 1993, Mwingereza Graham Nelson alitoa bure Inform, programu ya kuitungia. Na tangu 1995 wapenzi wake hushindana kila mwaka.

Lau Crowther angaliuficha mchezo wake, ungaliishia nyumbani mwake. Wahenga walisema kweli: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.