Tembe na Ushirika wa Wazee Wetu

Kabla ya daftari na mizani kufika kwetu Singida, wazee wetu walikwisha kuujua ushirika. Tembe ilijengwa kwa mikono ya majirani. Nguzo zenye panda zilikatwa katika miti migumu, kwa kuwa paa la udongo ni zito, na mchwa hawana huruma. Mlango ulichongwa kwa tezo. Vyungu, nyungo na vigoda vilitengenezwa papo hapo. Ujira ulikuwa pombe ya mtama na deni la kusaidiana.

Operesheni Vijiji ya miaka 1973 hadi 1976 iliwahamisha wengi kutoka katika tembe zao, kisha mabati yakaenea. Lakini mlango bado ni wa mbao. Mninga hukua polepole. Aukataye bila kupanda humnyima mjukuu wake mlango. Basi tupande, na tujengapo tumwite kwanza fundi wa kwetu.