Wazee Wanaposimulia ya Zamani

Kwa muda mrefu, tabibu wa Ulaya na Marekani akimsikia mzee anarudia habari za ujana wake, aliona ni dalili kwamba akili imeanza kumtoka. Wauguzi walihimizwa kumrudisha katika mambo ya sasa: leo siku gani, mwezi gani, yuko wapi. Sisi tuliokulia barazani, ambako mzee hupewa kahawa ili apate kusimulia, twaweza kuwacheka. Tusifanye haraka.

Aliyeanza kuugeuza mtazamo huo ni Robert Butler, tabibu wa maradhi ya akili, aliyezaliwa New York mwaka 1927. Wazazi wake walipoachana, alilelewa na babu na bibi yake katika shamba la kuku huko Vineland, New Jersey. Babu akafariki mjukuu akiwa na umri wa miaka saba. Siamini kuwa ni sadfa tu mtoto aliyelelewa hivyo kuja kuwategea wazee sikio. Katika miaka ya 1950 alishiriki katika uchunguzi wa wazee waliokuwa wazima wa afya, naye akaona kuwa hata hao hurejea nyuma. Mwaka 1963 alichapisha makala iliyoleta fikra ya mapitio ya maisha: kwamba mtu anapohisi mauti yanakaribia, huyapitia aliyoyaishi na kuyapima, hasa yale yasiyopata suluhu. Kwake yeye hiyo ilikuwa kazi ya umri, wala si maradhi. Mwaka 1969 akabuni neno la Kiingereza la kutaja ubaguzi dhidi ya wazee, na mwaka 1976 kitabu chake juu ya uzee nchini Marekani kikapata tuzo ya Pulitzer.

Ipo sehemu ya makala ile ambayo wengi huiruka. Butler alionya kuwa mapitio hayo yaweza kuzaa majuto, wasiwasi, hata kukata tamaa.

Fikra hiyo ilipofika Uingereza ilipata mikono ya kuitumikia. Mwaka 1978 wizara ya afya ya huko ilianzisha mradi wa kuwakumbusha wazee kwa picha na sauti za miongo iliyopita; aliyeuchochea alikuwa msanifu majengo, Mick Kemp. Mwaka 1981 picha na sauti hizo zikatolewa na shirika la Help the Aged kwa jina la Recall. Kisha Pam Schweitzer akaunda Age Exchange jijini London mwaka 1983, akatunga michezo ya kuigiza kwa masimulizi ya wazee wenyewe. Mwaka 1987 kikafunguliwa kituo chao Blackheath, kilichojaa vyombo vya nyumbani vya zamani, vya kushikwa na kugeuzwageuzwa mkononi.

Niliposoma habari hizo nilitaka kwanza kuzitafsiri. Kumbukumbu ni kile kilichohifadhiwa. Ukumbusho ni jiwe au sherehe. Nilichagua kumbukizi, tendo la kurejewa na jambo. Kisha, kwa ujuba wa aliyejifunza peke yake, nikataka kujaribu.

Mwaka 2004 shangazi yangu alikuwa amepita miaka themanini, asahau kama amekula. Nilimwekea kaseti ya nyimbo za Siti binti Saad, yule aliyerikodiwa Bombay mwaka 1928. Akainua kichwa, akaimba ubeti mzima, akataja mtaa, akataja hata khanga aliyovaa usiku mmoja wa harusi. Furaha ikanipanda kichwani. Nikamwuliza juu ya Januari 1964.

Alinyamaza. Kwa siku tatu hakutaka niingie chumbani mwake. Siku ya nne akasema, “Hayo, mwanangu, niachie mwenyewe.”

Laiti ningalimsoma Peter Coleman mapema. Katika kitabu chake cha mwaka 1986, kilichotokana na kuwafuatilia wazee wa London kwa miaka mingi, alieleza kuwa wako wanaopenda kukumbuka na wako wanaoteswa na kumbukumbu. Wengine hawaoni faida yake, na wengine huikwepa kwa kuwa humzidishia mtu huzuni ya alichopoteza. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2018, yaliyokusanya tafiti 22 na watu 1,972 wenye maradhi ya kusahau, yaliona faida ndogo, tena zinazotofautiana kwa namna na mahali. Hilo halinivunji moyo. Linaniambia tu kuwa kumbukizi si kidonge, na kwamba barazani kwetu nako hatukuwa tukimwuliza mzee kama anataka kusema.

Mara ya mwisho nilipokaa naye, aliomba kaseti ileile. Nilimwekea, nikaketi mkekani, sikuuliza kitu. Nyimbo zilipokwisha akasema, “Geuza upande wa pili.”