Majina ya Vitafunio kama Ushahidi wa Historia ya Kiswahili

Utangulizi

Katika mjadala wa muda mrefu juu ya asili ya Kiswahili na ustaarabu wa pwani, maneno ya mkopo yametumiwa mara kwa mara kama ushahidi. Wapo waliohesabu maneno yenye asili ya Kiarabu, Kiajemi, Kihindi, Kireno na Kiingereza, kisha wakahitimisha kwamba Waswahili walipokea mengi kuliko waliyobuni. Katika uwanja wa sarufi hoja hiyo imekwisha kujibiwa. Kazi ya Derek Nurse na Thomas Hinnebusch iliyochapishwa mwaka 1993 ilionyesha kwa kina kwamba Kiswahili kimo katika kundi la Kisabaki, pamoja na Kimijikenda, Kipokomo na lugha za Komoro, na kwamba mikopo haikubadili nasaba hiyo. Katika uwanja wa msamiati wa maisha ya kila siku, hata hivyo, hoja ile ya zamani ingali hai, na pengine hakuna mahali inapoonekana kuwa na nguvu zaidi kuliko kwenye sinia la vitafunio.

Anayekunywa chai ya jioni Mombasa, Unguja au Dar es Salaam huweza kuandaliwa sambusa, bajia, kachori, katlesi, kaimati, halua na biskuti. Majina yote saba ni ya mkopo. Je, yatosha kusema kwamba sinia zima ni la kigeni? Mhadhara huu unatetea msimamo kwamba jina la chakula, mapishi yake na malighafi yake ni mashahidi watatu tofauti, ambao kila mmoja aliweza kufika pwani kwa njia yake. Anayemsikiliza shahidi mmoja tu huishia kutoa hukumu isiyo ya haki.

Sambusa: jina moja, njia kadhaa

Sambusa ni mfano mzuri wa kuanzia kwa kuwa historia yake imeandikwa mapema. Asili ya jina ni Kiajemi, nalo liliingia katika Kiarabu zamani. Kitabu cha mapishi cha al-Baghdadi, kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226, kinaeleza namna ya kupika sanbusaj. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliendelea na safari zake hadi Delhi katika muongo huohuo. Huko, katika dhifa za Sultani Muhammad bin Tughluq, alikuta nyama ya kusaga iliyopikwa pamoja na lozi, vitunguu na viungo, ikafungwa ndani ya mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli.

Mwanaisimu hutazama kwanza sauti. Katika Kihindi cha leo jina ni samosa, bila sauti /b/. Katika Kiarabu cha Ghuba, Kisomali na Kiswahili sauti hiyo ipo. Kisiwani Madagaska watu husema sambos, nako Komoro jina lina /b/ vilevile. Lakini ukivuka mto Ruvuma na kuingia Msumbiji, chakula hichohicho huitwa chamuça, na /b/ haipo. Sababu haiko jikoni bali katika historia ya utawala: Msumbiji ilisimamiwa na Wareno kutoka Goa hadi mwaka 1752, na jina lilipita katika njia hiyo ya India na Ureno. Kwa hiyo mpaka wa konsonanti moja unalingana kwa kiasi kikubwa na mpaka wa himaya mbili za biashara katika Bahari ya Hindi.

Aidha, ndani ya Kenya yenyewe aina zote mbili zinasikika. Mombasa husema sambusa. Nairobi, mji ulioanzishwa mwaka 1899 wakati wa ujenzi wa reli iliyowaleta maelfu ya vibarua kutoka India, husema zaidi samosa. Neno lililoingia mara mbili katika nchi moja limeacha alama mbili, na kila alama ina zama zake.

Hata hivyo tahadhari inahitajika. Ingekuwa rahisi kudai kwamba /b/ ni thibitisho kuwa Waswahili walilipata jina kutoka Uarabuni au Uajemi wala si India. Lakini Ain-i-Akbari, maandishi ya Abu'l-Fazl ya mwishoni mwa karne ya 16 juu ya dola ya Mfalme Akbar, yanataja kwamba watu wa India wakati huo waliita chakula hicho sanbusa. Maana yake ni kwamba neno lililotoka India kabla ya /b/ kudondoka lingefika pwani likiwa na umbo lilelile la neno lililotoka Oman. Sauti inatuambia jina ni la tabaka gani la wakati. Haituambii daima jahazi lilitia nanga likitoka bandari gani.

Jina moja, vitu mbalimbali

Ushahidi wa pili ni wa majina yanayofanana ilhali vitu vinatofautiana. Neno halua limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya utamu. Istanbul, neno hilo hutaja kitu kigumu kilichotengenezwa kwa ufuta uliosagwa. Kaskazini mwa India hutaja chakula laini cha semolina au karoti. Muscat na Unguja hutaja wanga uliokorogwa kwa muda mrefu katika chungu kikubwa pamoja na sukari, samli, iliki na zafarani. Hapa shahidi wa jina angetupeleka popote kuanzia Uturuki hadi India. Ni mapishi yanayotuelekeza Oman, na yanakubaliana na historia tunayoijua, yaani kuhamia kwa Sayyid Said bin Sultan Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19.

Kachori nayo ina mafunzo yake. Nchini India, hususani Rajasthan, kachori ni andazi la unga lililojazwa dengu au choroko na kukaangwa. Pwani ya Afrika Mashariki kachori ni donge la kiazi kilichopondwa kwa pilipili na ndimu, likachovywa katika unga wa dengu uliokorogwa. Mtu wa Mumbai akilionja atalitambua mara moja, lakini ataliita batata vada. Wapishi wa pwani walichukua jina la kitafunio kimoja wakalivika kingine. Katlesi imesafiri mbali zaidi. Jina lake lilianzia Kifaransa, ambako lilimaanisha ubavu mdogo wa nyama, likapita katika Kiingereza, na huko India likawa jina la donge la viazi na nyama. Lilipofika katika Kiswahili lilikuja na /s/ ya wingi wa Kiingereza, ikameza kiirabu /i/ na kuwa sehemu ya shina.

Kaimati inaonyesha namna lugha pokezi inavyofanya kazi yake. Kiarabu kina luqaymat, yaani matonge madogo, na watu wa Ghuba hadi leo huviita hivyo vidonge vya unga vilivyokaangwa na kutiwa shira. Jamaa zake ni lokma ya Kituruki na loukoumades ya Kigiriki. Mombasa silabi ya kwanza imeondoka, nalo neno likawa kaimati. Unguja husikika kalimati, /l/ ikiwa imehamia ndani ya neno. Upo uwezekano kwamba sikio la Kibantu lilitafsiri lu- kama kiambishi cha ngeli ya 11, ambacho leo ni u- katika Kiswahili Sanifu na ambacho hudondoka katika wingi, kama ilivyo katika ulimi na ndimi. Ikiwa ndivyo, basi neno halikupokelewa tu. Lilichambuliwa kwa sarufi ya mpokeaji.

Maandazi: Kiswahili kama mtoaji

Miongoni mwa vitafunio vyote vya ngano, kinachopendwa mahali pengi zaidi ni andazi, na jina lake si la mkopo. Limetokana na kitenzi andaa. Vitenzi kama kaa, vaa, zaa na andaa vilikuwa na /l/ kati ya irabu mbili za mwisho. Sauti hiyo ilidondoka, lakini hurejea katika kalia, valia, zalia na andalia. Panapoongezwa kiambishi -i cha kuunda nomino, sauti hiyo hutokea kuwa /z/: makazi, vazi, mzazi na, kwa utaratibu uleule, andazi. Ngano yenyewe si zao la pwani yenye joto, na ililetwa kwa biashara. Lakini aliyeikanda na kuikaanga aliitafutia jina ndani ya lugha yake, kwa kanuni ileile iliyozaa neno mzazi.

Kutoka hapo jina likasafiri. Uganda husema mandazi, Rwanda amandazi, na Malawi mandasi. Muscat linafahamika miongoni mwa familia zilizotoka Unguja, hasa zile zilizohamia Oman baada ya Mapinduzi ya 1964 na zilizorejea huko baada ya 1970. Anayehesabu mikopo iliyoingia katika Kiswahili bila kuhesabu iliyotoka anafunga hesabu kabla ya kusoma ukurasa wa pili. Hata mahamri ya Mombasa, ambayo jina lake linatokana na neno la Kiarabu la chachu ambalo pia limetupatia hamira, yamevishwa kiambishi ma- na kukandwa kwa tui la nazi.

Huko Kongo, nako, neno mikate hutumika kwa vidonge vya unga vilivyokaangwa katika mafuta. Mtu wa Tanga aliyezoea mkate wa kuoka atashangaa akiletewa kitu ambacho yeye angekiita andazi dogo.

Biskuti

Biskuti ni mgeni wa karibuni zaidi, nayo hudhaniwa haina fumbo. Asili yake ya mbali ni Kilatini, kwa maana ya kilichookwa mara mbili, na kilikuwa chakula cha mabaharia kwa sababu hakiharibiki upesi. Lakini kama neno lingepokelewa kwa sikio moja kwa moja kutoka Kiingereza, ingetarajiwa biskiti, kwa kuwa Mwingereza haitamki /u/ katika silabi ya pili. Irabu hiyo ama ilitokana na kusoma maandishi, ama ililetwa na wafanyabiashara wa Kihindi, ambao katika lugha zao neno ni biskut. Marekani, kitu hichohicho huitwa cookie, neno lililochukuliwa kutoka Kiholanzi kwa maana ya keki ndogo, ilhali biscuit huko ni mkate laini. Kwa hiyo hata mataifa mawili yanayosema lugha moja hayakukubaliana juu ya kitu kidogo kinacholiwa kwa chai, na hakuna anayedai kwamba kwa sababu hiyo moja wapo halina utamaduni wake.

Jina, malighafi na kufanana kwa bahati

Majina yakipangwa sambamba na malighafi, makundi manne hujitokeza. Vitumbua na mkate wa kumimina vina majina ya Kibantu na hupikwa kwa mchele na nazi, vyakula vya pwani yenyewe. Sambusa na biskuti zina majina ya mkopo na huhitaji unga wa ngano. Andazi lina jina la Kibantu lakini unga wake ni wa ngano. Bajia za kunde, kwa upande wake, zina jina la Kigujarati lakini zimetengenezwa kwa zao la Afrika, ambalo jina lake, kunde, ni la Kibantu tangu kale. Makundi mawili ya mwisho ndiyo yanayovunja nadharia ya kuhesabu maneno.

Bajia hizo zina jambo jingine la kutufunza. Huko Nigeria, Wayoruba hukaanga vidonge vya kunde viitwavyo akara, ambavyo watumwa walivipeleka Bahia nchini Brazili, vikajulikana kwa jina la acarajé. Akara na bajia za kunde zinakaribiana sana kwa mapishi, lakini majina hayana uhusiano. Kati ya akara na acarajé jina na mapishi vinashuhudia pamoja, na historia ya utumwa inathibitisha. Kati ya akara na bajia kuna kufanana tu, na kufanana peke yake si nasaba.

Hitimisho

Kifupisho kimoja cha asili kinachowekwa katika kamusi mbele ya neno kama sambusa ni sahihi kwa kadiri kinavyokwenda, lakini hakiendi mbali. Hakisemi neno lilipita wapi, liliingia mara ngapi, lilibadilishwa na sarufi gani, wala kama kitu kinachotajwa ndicho kilekile kilichotajwa huko lilikotoka. Wanafunzi wanaofanya utafiti juu ya mikopo watafaidika wakiongeza katika jedwali zao safu mbili: moja ya umbo la neno katika lugha jirani, na nyingine ya kitu chenyewe kinavyopikwa. Zikijazwa safu hizo, sinia la chai ya jioni litasomeka kama kumbukumbu ya watu waliochagua, wakabadilisha, wakatoa majina, na wakawapa wengine.