Njia ya Reli na Mchanga wa Mkondoa



Mtu wa Msowero ajua vema maana ya njia kufungwa. Januari 2014 mafuriko yaliikata barabara kuu ya Morogoro na Dodoma hapo Magole, magari yakasimama ng'ambo zote mbili. Lakini vita vya maji na njia katika Kilosa ni vya zamani, navyo vyaanza na reli.

Wadachi walianza kuijenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Kati ya Kilosa na Gulwe waliandama bonde la Mkondoa, maana huko walipata njia ya kupanda bara. Basi reli ikawa jirani wa mto. Mwisho wa mwaka 2009 na Januari 2010 mto ulifurika, ukabomoa tuta la Kilosa. Maelfu ya watu wakakosa makao, na reli ikasombwa. Safari zikakatika kwa miezi kadhaa.

Si maji matupu yaliyofanya hayo. Mvua hushusha udongo na mchanga kutoka nyanda za Mpwapwa na Kongwa. Maji yapunguzapo mbio huutua mzigo huo. Mto hupungua kina, na nafasi iliyo chini ya madaraja hupungua nayo.

Nchi za baridi zina taabu kama hiyo, ila mchukuzi wao ni upepo, na mzigo ni theluji. Katika Wyoming, Marekani, sehemu ya barabara kuu iliyofunguliwa mwaka 1970 ilifungwa na theluji mara nyingi. Tangu mwaka 1971 wakajenga nyua za mbao zenye mianya, mbali na barabara, upande utokako upepo. Upepo upitapo penye ua hulegea, huiangusha theluji hapo nyuma yake, isifike barabarani.

Kumbe dawa ni kuuzuia mzigo huko utokako. Koleo huondoa mchanga wa jana tu. Nyua zetu sisi ni miti kandokando ya vijito, majani yasiyochomwa moto, na matuta ya shamba yanayokingama mteremko.

Reli mpya, iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, imetobolewa mahandaki katika milima ya Kilosa. Reli yaweza kuukwepa mto. Mkulima wa bondeni hawezi. Kwa ajili yake yatupasa kuutunza mlima.