Nyumba Isiyo na Kiwanja

Kwetu kijana anayetaka kuoa huulizwa na wazee wake: utamweka wapi mke wako? Kwa Waromani wa Uingereza, ambao wengi huwaita Wajipsi, swali hilo lilipata jibu la ajabu katika nusu ya pili ya karne ya 19. Kijana hakutafuta kiwanja wala mchimba msingi. Alikwenda kwa fundi wa magari ya farasi, akaagiza nyumba yenye magurudumu manne.

Kabla ya hapo Waromani walilala katika mahema. Tangu miaka ya 1850 hivi ndipo gari la kuishi, ambalo wao huliita vardo, lilipoanza kuenea. Walioagiza mara nyingi walikuwa maarusi. Mafundi walijulikana kwa majina, kama vile ukoo wa Dunton katika mji wa Reading, na kazi ilichukua miezi 6 hadi mwaka mzima. Mbao zilichaguliwa kwa makini: ngumu kwa kiunzi na magurudumu, nyepesi kwa kuta, kwa maana kila ratili iliyozidi ilikuwa mzigo wa farasi.

Tuingie ndani, msomaji. Mlango uko mbele, upande anakofungwa farasi. Ukiingia, mkono wako wa kushoto kuna jiko la chuma, na dohani yake inatokeza juu ya paa. Kwa nini kushoto? Kwa sababu Waingereza huendesha upande wa kushoto wa barabara, na matawi ya miti huning'inia upande huo. Wewe unayeingia umeelekea nyuma ya gari, hivyo kushoto kwako ni kulia kwa gari, na dohani inapita katikati ya barabara bila kugonga tawi. Nyuma kabisa kuna kitanda kilichokingama, na chini yake kabati ambalo usiku huwa malazi ya watoto. Yote hayo yamo katika chumba chenye urefu wa kama mita 3. Nje kuna nakshi na rangi, na penye uwezo, dhahabu. Hiyo haikuwa nyumba ya mtu asiye na kwao. Ilikuwa kwao kwenyewe. Mwenye gari alipofariki, desturi ilikuwa kulichoma moto pamoja na vitu vyake, na hiyo ni sababu mojawapo ya magari ya zamani kubaki machache.

Mwaka 1885 mtu wa namna nyingine kabisa alitoa agizo kama hilo. Gordon Stables, daktari mstaafu wa jeshi la wanamaji na mwandishi wa vitabu vya vijana, aliishi Twyford, maili chache tu kutoka Reading. Aliiagiza kampuni ya Bristol Wagon Works imjengee gari la kusafiria kwa anasa, akaliita The Wanderer, yaani Mzururaji. Lilivutwa na farasi wawili, naye alifunga safari hadi Uskochi, mtumishi wake akitangulia juu ya baiskeli ya magurudumu matatu ili kuwaonya waliokuja mbele. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu cha safari hiyo. Mwaka 1907 ilipoanzishwa klabu ya wenye karavani, alipewa heshima ya kuwa makamu wa rais.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie. Daktari aliyejiita mzururaji alisifiwa kwa uzururaji wake. Mromani hakujiita hivyo, ila wengine walimwita hivyo, wakamfukuza kando ya barabara ile ile.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1880 George Smith wa Coalville alipigania sheria ya kuandikisha makazi yote yanayohamahama, kuyakagua na kuwapeleka watoto wao shule. Nami, niliyeshika daftari la mahudhurio karibu maisha yangu yote, siwezi kuidharau nia ya kumpatia mtoto elimu. Lakini wenye magari ya maonyesho waliungana mwaka 1889 kuipinga, na haikupita. Mimi sioni kuwa walichukia kalamu. Mlango wa nyumba ni mlango hata ukiwa juu ya magurudumu, na hakuna anayependa ufunguliwe na mkaguzi asiyebisha hodi.

Baadaye farasi waliachwa, yakaja magari ya injini na karavani za kukokotwa, lakini shida ilibaki pale pale. Sheria ya mwaka 1960 ilidai leseni kwa viwanja vya karavani, na vituo vingi vya zamani vikafungwa. Sheria ya 1968 ikazitaka halmashauri ziwatengee Wajipsi mahali pa kukaa. Ile ya 1994 ikaufuta wajibu huo. Ya mwaka 2022 ikafanya kukaa na gari katika ardhi ya mtu bila ruhusa kuweza kuwa kosa la jinai, na gari lenyewe kutwaliwa na polisi. Kutwaa gari la mtu anayelala humo ni kumtwalia nyumba.

Siku hizi wako wastaafu wenzangu, hasa Marekani, wanaouza nyumba zao na kuagiza gari la kuishi, lenye kitanda, jiko na choo. Huzungumza na fundi juu ya kila rafu, kama maarusi wa Reading. Siwaonei gere, wala siwacheki. Nawakumbusha tu kwamba fundi huuza kuta, paa na magurudumu. Mahali pa kulisimamisha gari jioni ni lazima mtu mwingine akukubalie, na kukubaliwa huko hakujawahi kugawiwa sawa. Wenye hati za viwanja hulisahau jambo hilo upesi. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini jahazi nalo halina budi kupata bandari itakayolipokea.